Kompresa ya Nyumba ya Magurudumu

Jumatatu, 3 Februari

Nimewasha injini saa moja asubuhi kama kawaida. Mshale wa geji ya upepo umepanda hadi nne, ukagoma. Nimekanyaga mafuta mpaka jirani akafunga dirisha. Nne na nusu. Breki haziachii mpaka ifike nane. Nimezima, nikaingia chini, nikafungua koki ya tangi la upepo. Badala ya upepo yametoka mafuta meusi, yamenichafua hadi kwapani. Kompresa imekufa. Nilijua tangu Krismasi, nilikuwa najidanganya tu.

Gari lenyewe karibu tunalingana umri. Lori la Kijerumani la zamani, mgongoni limejengewa nyumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati. Wenyewe walikuwa Wazungu, walilitelekeza kwenye uwanja mmoja huko Shelly Beach, likafanywa banda la kuku. Nililitoa kwa kiinua mgongo changu, mwezi ule ule niliostaafu. Watoto walisema nimerukwa na akili. Kadzo, mke wangu, alipima madirisha kwa kamba, akaenda kununua kitambaa cha mapazia.

Miaka thelathini nimeendesha trela, Mombasa hadi Kampala, Mombasa hadi Kigali. Mke wangu hajawahi kuipita Voi. Pasaka tunaondoka. Nimemwahidi mbele ya watoto, na sasa gari halisogei hata hatua moja.

Jumanne, 4 Februari

Salim amekuja baada ya adhuhuri. Alikuwa taniboi wangu, utingo, kwenye trela la kwanza, kabla hajageuka fundi wa breki za upepo. Sasa ana gereji yake hapa hapa Magogoni, ukitoka kwangu sigara haiishi umefika. Hatujawahi kusalimiana kwa adabu maishani. Leo ameanza na, "We Dereva, hili gari lakushinda umri ama mwalingana?"

Ameweka kiganja juu ya kompresa injini ikinguruma, akafumba macho. Kisha akatikisa kichwa. Ringi zimekwisha, valvu zimekwisha, kichwa kina ufa. Haitengenezeki. Ushauri wake: tutafute nyingine kama hii hii, ya kuendeshwa na injini, kutoka lori lililokufa, tuifungue tuitie ringi mpya. Itachukua majuma kadhaa kuipata. Mpya haziundwi tena.

Nimemwonyesha kwenye simu ile ya umeme, ya volti ishirini na nne, niliyoiona kwenye video, Wazungu wakiifunga chini ya kitanda. Ndogo, safi, haina kelele. Ametazama mpaka mwisho, miwani puani.

"Hiyo itie, uilalie," akasema. "Lakini ya kusimamisha gari iwe ya injini. Sikia nikwambiavyo."

Maana gari hili lina mito ya upepo chini, wale Wazungu wa kwanza waliiongeza, ya kulisawazisha ukiegesha pabaya ili usilale miguu juu kichwa chini. Kwa mito hiyo, ya umeme inafaa. Kwa breki hapana. Ndivyo asemavyo yeye.

Atakuja nasi safari ya kwanza, hadi Malaba. Kadzo ameshampangia pa kulala, kwenye kiti kirefu cha ndani ya gari.

Ijumaa, 7 Februari

Siku tatu natazama video za kompresa. Macho yananiwasha.

Ya umeme naipenda. Inakuja ndani ya sanduku, na karatasi yake, na mipira yake mipya. Ukifika kambini injini imezimwa unabonyeza kitufe tu. Ya injini ni kuukuu juu ya kuukuu, na kumsubiri Salim, na Salim hana haraka hata nyumba ikiungua. Mimi nimetimiza sitini na mbili. Goti la klachi limeanza kuniuma nikikaa tu.

Kadzo ameniuliza ni mwanamke gani huyo kwenye simu nisiyemwondolea macho. Nimemwonyesha kompresa. Amesema angalau mwanamke angekuwa na nywele.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda Changamwe peke yangu, kwenye duka la spea. Sikumwambia Salim. Hapo ndipo nilipoanza kukosa, na nilijua, maana nilipopita mbele ya gereji yake niligeuza uso kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Huku kwetu hununui spea bila fundi wako. Mnakwenda pamoja, fundi ndiye mwenye kusema, wewe unatoa tu. Na kwenye bei mna cha juu, cha fundi, anapitia baadaye kukichukua. Kila mtu anajua. Mwenye gari hujifanya haoni, fundi hujifanya hali kitu. Nilipoajiriwa na kampuni ilikuwa pesa ya kampuni, sikujali hata kidogo.

Mwenye duka aliniuliza fundi wangu ni nani. Nikamtaja. Akacheka kwa furaha. "Aaa, Salim! Huyo ni mtu wetu. Chake hapa hakipotei." Alikuwa anamsifu. Mimi nimepanda gari kurudi nyumbani neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ya umeme anayo, mpya. Ya injini atapata, akasema, lakini apewe muda, na Salim ameshamwachia agizo. Ameshamwachia agizo! Mimi sijasema ndiyo bado.

Alhamisi, 13 Februari

Nimekuwa nikihesabu kichwani. Ile radieta ya Charo, mwanangu. Zile pampu. Betri ya mwaka juzi. Kila mahali Salim alipotangulia dukani. Nimekasirika mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefanya jambo.

Nilikwenda gereji saa nne. Salim alikuwa na mafundi wake wawili, na benchini walikaa wenye matatu wawili wakingoja magari yao. Aliponiona akapiga kelele tangu mbali kwamba kompresa imepatikana. Ya lori lililopinduka huko Mariakani, injini yake nzima. Akanitajia bei. Alifurahi kweli, alikuwa anafuta mikono ili anionyeshe picha.

Nikasema, kwa sauti, wote wakisikia: "Na chako humo ni kiasi gani? Kitaje hapa hapa nikupe mkononi, kuliko kupitia mlango wa nyuma."

Mmoja wa wale wenye matatu akacheka. Fundi mdogo akaangalia chini. Salim aliendelea kufuta mikono, kidole kimoja kimoja. Nilitaka anitukane. Tungetukanana, tungemaliza. Miaka yote ananiita Dereva. Leo ameniita jina.

"Basi kanunue mwenyewe, Katana," akasema. Akarudi chini ya gari.

Nilijiona nimeshinda mpaka nikafika kwenye geti langu.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani mahubiri yalikuwa juu ya ulimi. Nimetoka nje kukohoa.

Jumanne, 18 Februari

Nimenunua ya umeme. Fundi mmoja wa waya kutoka Bombolulu ameifunga, mtu mchangamfu, anaimba kazini. Nimemuuliza kama itatosha breki. Amesema upepo ni upepo, mzee.

Geji imefika nane kwa dakika ishirini na tano. Nimeitazama muda wote. Nane! Breki zimeachia, zikapumua. Nimelitoa gari hadi lami na kulirudisha. Nimemwita Kadzo aje aone. Ameona. Ameuliza Salim amesemaje.

Nilisema nina kazi.

Jumamosi, 1 Machi

Majuma mawili Salim hajapita. Huwa anapita kila Jumamosi, anakula mahamri yetu, anaikosoa chai. Kadzo ametenga kikombe chake leo, kikakaa.

Kisha akaniuliza moja kwa moja. Nikamweleza. Nilidhani atakuwa upande wangu, maana ni yeye anayelia kila siku kwamba pesa haikai.

Aliweka kisu chini. "Baba Charo. Huyo Salim, tangu lini amekudai ufundi?"

Nikafikiri. Gari la Charo alilitoa injini, akairudisha, siku nne. Pikipiki yangu. Pampu ya kisima. Ile siku trela lilinikatikia Maungu akaja kwa basi na masanduku yake ya spana. Nikimuuliza bei alikuwa anasema, utanipa ukipata, na kesho yake tunazungumza mengine. Kazi yake kwangu hakuitia bei hata mara moja. Alikuwa anakula kile cha dukani, basi. Kidogo kile.

"Ulitaka ale nini?" Kadzo akasema. Akaendelea kukata vitunguu.

Kesho kina Salim wanaanza kufunga, mwezi ukionekana.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Nilikuwa nimechukua gari kwenda Changamwe kupima mzigo: matangi ya maji yamejaa, gesi, godoro, Kadzo nyuma na mapazia yake. Kwenda kulikuwa salama. Mchana barabara nyeupe. Kurudi tukaingia kwenye msongamano wa jioni, watu wa Kisauni wote wanakimbilia futari. Nenda hatua mbili, simama. Hatua mbili, simama. Kila nikikanyaga breki mshale unashuka kidogo, na ile kompresa ndogo inalia tu chini ya kitanda, haiwahi. Saba. Sita na nusu. Nilimsikia Kadzo akisema mashine inanuka. Sita. Tano. Tukapanda Daraja la Nyali.

Katikati ya daraja taa nyekundu ikawaka, kengele ikalia, na magurudumu ya nyuma yakajifunga. Upepo ukiisha springi zinabana zenyewe. Hivyo ndivyo zilivyoumbwa. Kila dereva wa trela anajua. Mimi nimekuwa nikiwafundisha vijana jambo hilo miaka thelathini.

Sijawahi kuaibika hivyo. Ilikuwa imebaki nusu saa kabla ya adhana ya magharibi. Nyuma yangu magari mpaka sioni mwisho, kila mtu na saumu yake, kila mtu na honi yake. Watu wanapita kwa miguu kando ya dirisha, wanachungulia ndani, wanamwona Kadzo amekaa kitandani, pazia la maua, sufuria ukutani. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, wallahi huyu amehamia darajani. Wengine walicheka. Wengi hawakucheka.

Nilijaribu kila kitu. Nilisukuma injini, kana kwamba injini ina upepo wa kutoa, nami mwenyewe nimeuondoa mkononi mwake. Fundi wa waya hakupokea simu.

Kumbe Kadzo ameshapiga simu. Hakuniuliza.

Salim alikuja kwa pikipiki, akipita katikati ya magari, sanduku la spana mapajani. Midomo mikavu. Hakunitazama. Alilala chini kwenye lami, akaingiza boliti ndefu nyuma ya mkebe wa breki, akakaza nati mpaka springi ikajikunja, gurudumu likaachia. Upande wa kushoto. Akazunguka. Upande wa kulia. Mimi nilishika tochi ya simu. Aliomba spana ya ishirini na nne. Nilimpa. Hayo tu.

Akainuka, akaniambia gea ya kwanza, mwendo wa mtu. Kisha akalichukua gogo langu la kuzuia tairi, akatembea kando ya gurudumu la nyuma, amelibeba mikononi, tayari kulitupa chini gari likiponyoka. Nilimwona kwenye kioo njia nzima. Ndiyo kazi niliyomfundisha akiwa na miaka ishirini na tano.

Adhana ililia tukiwa tunateremka mwisho wa daraja. Mtu mmoja kwenye gari la pili akashusha kioo akampa Salim tende na maji. Alifuturu akitembea, gogo amelibana kwapani.

Tulipoegesha, Kadzo akashuka na thamosi ya chai. Salim akaipokea, akamshukuru, akanywa. Mimi nilisema, "Salim." Akasema gari lisisogezwe mpaka nipate kompresa. Akapanda pikipiki.

Asubuhi nimelipa mtu wa kulikokota hadi nyumbani. Sijala chochote mpaka saa hizi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda gereji. Nilikuwa nimepanga maneno. Nimefika, Salim ameinuka, amenifutia kiti kwa kitambaa.

"Shikamoo," akaniambia.

Nimempita miaka minne tu. Hajawahi kuniamkia tangu nimjue. Kwake mimi ni mzee kichaa, mwizi wa spana, dereva wa punda. "Marahaba," nikasema. Ningesema nini?

Akaniuliza nyumbani hawajambo. Hawajambo. Watoto? Wazima. Mafundi wake wananitazama. Nikamwambia nataka ile kompresa ya injini, ya Mariakani, kama bado ipo, na ningependa aifunge yeye. Akasema hamna neno, inshallah. Twende Alhamisi.

Maneno niliyoyapanga nimerudi nayo.

Alhamisi, 20 Machi

Tumekwenda Changamwe pamoja, kama desturi. Kwenye gari la Charo alikaa kiti cha mbele akitazama nje. Nilijaribu kuongea habari za kambi za malori za zamani. Alijibu kila nilichouliza, vizuri kabisa, kama unavyomjibu mkwe.

Kompresa ilikuwa ndiyo yenyewe. Ameigeuza, ameinusa, ameizungusha shafti kwa kidole. Nzuri. Tangu mwanzo ilikuwa nzuri. Mwenye duka akataja bei.

Salim akasema, "Humo mna changu. Kitoe. Mzee alipe bila changu."

Mwenye duka akacheka, akidhani ni utani. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, kicheko kikamwishia. Nikasema, Salim, wacha bwana. Akasema, "La, mzee. Ni haki yako." Kwa upole. Kama angepaza sauti ningeshukuru.

Mwenye duka alipunguza bei, uso chini. Na kile kilichopunguzwa kilikuwa kidogo! Hakinunui hata tairi kuukuu. Nimewaaibisha watu watatu kwa hicho.

Nimerudi na zile noti mfuko wa shati. Nimemwambia Kadzo azitoe sadaka. Amesema pesa hizo hazina sadaka, nikae nazo.

Jumamosi, 22 Machi

Ameifunga leo. Tangu asubuhi hadi alasiri, na funga yake. Ringi mpya, valvu mpya, mpira mpya, matangi ameyasafisha mafuta yote yale meusi. Ile ya umeme hakuitupa. Ameihamishia kwenye mito, kama alivyosema siku ya kwanza. Hakusema, "Nilikwambia." Salim niliyemjua angeisema mara arobaini.

Geji: nane kwa dakika nne. Nimekanyaga breki mara ishirini mfululizo. Mshale unashuka, unarudi. Kompresa gani hii. Ningeweza kulipeleka Mombasa hadi Kigali.

Nikamwambia, haya Salim, nikupe nini. Nilisema kwa mazoea tu.

Akanitajia bei ya ufundi.

Nilisimama. Akadhani sikusikia, akarudia. Siku nzima ya kazi, na ile ya darajani, kila moja kivyake. Nimelipa. Akahesabu, akashukuru, akaniandikia risiti na jina langu lote juu, la baba na la babu.

Nimewauliza mafundi wengine wawili baadaye. Ni bei ya haki. Wao wangetaka zaidi.

Jumatano, 26 Machi

Kadzo asema niende nikamwombe radhi. Si rahisi hivyo. Nimelizungusha jambo hili kichwani kama kompresa yenyewe, natafuta pa kulishika.

Nikisema, nilikosea, huli cha juu, nitakuwa mwongo, naye atajua. Alikuwa anakula. Na alikuwa anasema kweli kuhusu kompresa. Yote mawili yalikuwa kweli tangu mwanzo, na tulikaa nayo miaka thelathini bila kuumana. Nikisema, kula tu, sijali, nitakuwa nimelitaja tena. Ndicho kilichoharibu: kutajwa. Kumwomba radhi lazima nilitaje mara ya pili, na pengine mbele ya watu vile vile, maana mbele ya watu ndipo nilipolisema.

Nilikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye hakunitajia bei. Nikamlazimisha ataje.

Nimemtumia ujumbe kwamba safari ni Jumatatu ya Pasaka, nafasi yake ipo. Amejibu upesi. Anatutakia safari njema, Mungu atulinde, yeye kazi zimembana.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua kidogo. Nimeosha gari. Kuku wa jirani ametaga chini ya gurudumu la mbele, nimemwachia.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mtaa mzima unanukia. Watoto wanapita na nguo mpya, viatu vinawabana, wanadai mkono wa Idi na mimi si Mwislamu. Nimewapa.

Kila Idi Bi Mwanaisha, mke wa Salim, hutuletea pilau kwenye bakuli lake kubwa la maua ya bluu. Bakuli haturudishi tupu. Linakaa kwetu mpaka Krismasi, Kadzo analijaza kuku na chapati, linarudi. Idi linakuja tena. Sikumbuki lilianza lini. Lina ufa ukingoni, na nyumba zote mbili zinabishana nani aliyelipasua.

Leo nilikaa uani tangu saa nne nikijifanya nanoa panga. Nilijua haliji. Nilikuwa nimeshajiambia haliji, ili nisiumie.

Saa saba tuktuk imesimama getini, dereva simjui. Pilau imekuja. Nyingi, kushinda miaka yote, na kachumbari, na ndizi, na tambi za sukari. Imekuja kwenye mikebe ya foili, ile ya mahotelini. Mitatu, na vifuniko vyake. Na vijiko vya plastiki.

Kadzo alipokea, akashukuru, akamwuliza yule dereva kama kuna chombo cha kurudisha. Akasema hakuna, mama, ameambiwa alete tu.

Tumekula. Ni pilau ile ile, haikupungua chumvi. Nilikula hadi mwisho, sikuwa na njaa.

Kadzo ameiosha ile mikebe yote mitatu, ameikausha kwa kitambaa, akasimama nayo mkononi. Nimemwambia hiyo hairudishwi, ni ya kutupa. Amesema anajua. Ameiweka juu ya kabati.